Kadi ya hospitali si hirizi: Jua bima yako inalipa nini

WAKENYA wengi wamezoea kuugua kwa harambee. Baba akilazwa, kadi za mchango huzungushwa kazini, kanisani na msikitini. Siku hizi hata kabla ya daktari kumaliza kumpima mgonjwa, tayari kuna kundi la simu limeundwa na mweka hazina amechaguliwa. Pesa zisipotosha, shamba hutafutiwa mnunuzi. Ng'ombe aliyetengwa kwa karo ya muhula ujao huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi anajua shida haina subira.

Kuna hata waliopona na kushindwa kutoka wodini kwa sababu ya deni. Mnamo 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wanawake wawili waliojifungua katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, na kuzuiliwa huko kwa kukosa pesa, zilikuwa zimekiukwa. Huo ulikuwa uamuzi wa maana sana. Hata hivyo, mahakama haimlipii mtu bili, na mwenye kuugua kesho atatakiwa kulipa kama kawaida.

Bima ya matibabu ni harambee pia, ila hii huchangwa kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Watu wengi hutoa kidogo kidogo, na wachache wanaougua mwaka huo hutibiwa kwa pesa hizo. Usipougua, pesa zako zimemtibu mwenzako, nawe utakapoanguka, zake zitakuinua. Hilo ni rahisi kueleweka. Kinachowatatiza wengi ni karatasi zenye maandishi madogo, ambazo mtu hutia sahihi bila kusoma, kisha akaja kuzielewa saa nane za usiku akiwa mbele ya dirisha la keshia.

Katika makala haya tutaeleza kinagaubaga aina za bima zilizopo hapa nchini, maneno yanayotumiwa na namna ya kulinganisha bima moja na nyingine kabla hujatoa hata shilingi.

TULIKOTOKA

Hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali, NHIF, iliundwa mwaka wa 1966. Kwa miaka mingi mfanyakazi aliyeajiriwa alikatwa kiasi kidogo tu, na hadi mapema 2015 aliyelipa zaidi ya wote alikatwa Sh320 kwa mwezi. Mwaka huo viwango vilipandishwa, na kuanzia hapo wenye mshahara wa Sh100,000 na zaidi wakawa wanakatwa Sh1,700, huku waliojiajiri wakilipa Sh500 kwa mwezi.

Mnamo Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya bima ya afya ya jamii. Chini ya sheria hiyo NHIF ilivunjwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi wanaijua kwa jina la SHA, ikaanza kazi. Kubadilika kwa jina ni jambo dogo. Namna ya kulipa na namna ya kutibiwa vilibadilika pia, na hapo ndipo wengi wamepotea njia.

Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya kodi. Anayepata Sh40,000 hukatwa Sh1,100 kwa mwezi, wakati chini ya NHIF alikatwa Sh1,000. Hapo tofauti si kubwa. Lakini anayepata Sh100,000 hukatwa Sh2,750 badala ya Sh1,700, na kadiri mshahara unavyopanda ndivyo makato yanavyopanda bila kikomo. Mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, kila mmoja hukatwa wake. Hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi.

Kwa mama mboga, fundi wa jua kali, mwenye bodaboda na wengine wasio na barua ya mshahara, hesabu hufanywa kwa kuulizwa maswali kuhusu hali ya maisha: nyumba unayoishi, maji unayotumia, mali uliyo nayo na kadhalika. Kutokana na majibu hayo, mamlaka hukadiria mapato ya nyumba yako na kukuambia ulipe kiasi gani. Malipo haya ni ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini kabisa ni Sh3,600. Hili limewaumiza wengi, kwani mtu wa kibarua hupata riziki yake kwa siku. Ndiyo maana mwaka wa 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa ada ya mwaka kisha akailipa kidogo kidogo.

MIFUKO MITATU

Watu wengi hufikiri SHA ni mfuko mmoja. La hasha. Kuna mifuko mitatu, na ni vyema kujua upi unakulipia nini.

Wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Pesa zake hutoka serikalini, na anayejiandikisha hutakiwa kuhudumiwa huko bila kulipa, hata kama hajachanga. Mtoto mwenye homa au kikohozi anafaa kuanzia hapo.

Wa pili ndio ule unaochangiwa kwa makato ya mshahara. Huu hulipia huduma kubwa zaidi, kama vile kulazwa na upasuaji, katika hospitali za ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Huko mgonjwa asiyekuwa amelipa ada yake hatasaidiwa na kadi, hata akiwa amejiandikisha.

Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito na ya kudumu. Huu hushika usukani pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha.

Sasa tutazame pesa zenyewe. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka wa 2024, kitanda katika hospitali ya ngazi ya 4 kililipiwa Sh3,360 kwa siku, ngazi ya 5 Sh3,920, na ngazi ya 6, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Sh4,480. Kujifungua kwa kawaida kulitengewa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Kusafishwa damu kwa mwenye figo mbovu kulilipiwa Sh10,650 kila mara. Kwa saratani, kila familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa pili na Sh150,000 nyingine kutoka mfuko wa tatu. Viwango hivi hubadilishwa na serikali mara kwa mara, kwa hivyo uliza upya kila mwaka.

PENGO LINALOTISHA

Tuseme mama amelazwa siku tano katika hospitali ya kibinafsi ya ngazi ya 4 ambayo hutoza Sh12,000 kwa siku. Bili ya siku hizo ni Sh60,000. Kwa kiwango cha Sh3,360, SHA italipa Sh16,800. Zinazobaki ni Sh43,200, na hizo zitatoka mfukoni mwa familia.

Mama huyo huyo akilazwa katika hospitali ya umma ambayo bili yake inalingana na kiwango kilichowekwa, huenda asilipe chochote cha kitanda. Basi swali la kwanza si "Nina bima?" bali ni "Nina bima ya hospitali gani?" Kabla hujaugua, tembelea hospitali mbili au tatu zilizo karibu nawe, ziwe Kayole, Buru Buru, Likoni au Kondele, uulize mambo mawili: wanapokea SHA kwa kulazwa? Na mgonjwa huongeza kiasi gani juu yake?

Aidha, usitosheke na bango lililo langoni. Mwaka wa 2025 chama cha hospitali za kibinafsi kilitangaza kusimamisha huduma kwa wenye SHA kwa madai kwamba zilikuwa hazijalipwa madeni yao. Hospitali iliyokupokea Januari huenda ikakuambia ulipe taslimu mwezi unaofuata. Piga simu kwanza iwapo hali inaruhusu. Kwa dharura, kumbuka kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

BIMA ZA MAKAMPUNI

Pengo hili ndilo linalowafanya wenye uwezo kidogo kununua bima ya kampuni ya kibinafsi. Bima hii haiondoi makato ya SHA, kwani hayo ni ya lazima. Ni nyongeza tu. Mara nyingi hospitali hutumia SHA kwanza, kisha kampuni ikalipa kinachosalia. Baadhi ya makampuni husisitiza kwamba usipokuwa umelipa SHA, sehemu ambayo SHA ingelipa itakuwa juu yako. Kwa hivyo anayefikiri atanunua bima ya kampuni na kuitupa ile ya serikali huenda akajikuta na shimo pale alipodhani ana daraja.

Ajenti atakapokuja na karatasi zake zenye picha za familia zinazotabasamu, haya ndiyo maneno ya kutafuta.

Kulazwa na kutibiwa ukarudi nyumbani. Hizi ni bima mbili tofauti. Bima nyingi za bei nafuu hulipia kulazwa tu. Ukienda kuonwa na daktari kwa malaria na kurudi nyumbani, unalipa mwenyewe. Kuongeza sehemu ya pili hupandisha bei sana, kwa sababu watu huitumia kila mara.

Kiwango cha juu. Hiki ni kiasi ambacho kampuni haitapita kwa mwaka mmoja. Uliza kama ni cha kila mtu au ni cha familia nzima kwa pamoja. Nusu milioni ya kila mtu na nusu milioni ya watu watano si kitu kimoja.

Viwango vidogo ndani ya kiwango kikubwa. Hapa ndipo wengi hunaswa. Karatasi itaandika "Shilingi milioni moja" kwa herufi kubwa, na ndani yake uzazi umetengewa kiasi kidogo, maradhi ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu kiasi kingine, na meno na macho vikawa na vijisenti vyake. Mwenye kisukari asiangalie ile milioni. Atazame mstari wa maradhi ya kudumu.

Kipindi cha kungoja. Bima haianzi kufanya kazi yote siku unapolipa. Ajali hulipiwa mara moja, lakini magonjwa ya kawaida mara nyingi hungoja siku 30, upasuaji siku 60, na maradhi uliyokuwa nayo tangu awali hungoja hadi mwaka mmoja. Uzazi hungoja miezi kumi au kumi na miwili. Namfahamu mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliyenunua bima akiwa na mimba ya miezi minne, akalipa kila mwezi bila kukosa, na siku ya kujifungua akaambiwa kwamba muda wake ulikuwa haujafika. Kampuni haikumwibia. Maneno hayo yalikuwa ukurasa wa saba, na hakuna aliyemfungulia ukurasa huo alipokuwa akilipa.

Mchango wa mgonjwa. Bima nyingine humtaka mgonjwa alipe kiasi fulani kila anapokwenda hospitali, kwa mfano Sh1,000, au sehemu ya bili nzima, kwa mfano asilimia 10. Hii hupunguza bei ya bima lakini huongeza bei ya kuugua.

Orodha ya hospitali. Kila kampuni ina hospitali zake. Bima nzuri yenye hospitali zote upande wa Upper Hill haimfai sana mtu wa Githurai mwenye mtoto anayeshikwa na pumu usiku.

Kibali. Kwa kulazwa au upasuaji uliopangwa, kampuni hutaka iombwe ruhusa kwanza. Ukilazwa bila ruhusa hiyo, unaweza kuambiwa ulipe mwenyewe kisha udai baadaye, na si kila dai hufaulu.

Yasiyolipiwa. Huu ndio ukurasa wa kuusoma mara mbili. Mara nyingi utakuta upasuaji wa urembo, matibabu ya utasa, majeraha ya kujitakia na matibabu ambayo hayajathibitishwa. Ukurasa huu ukiwa mrefu kuliko ule wa yanayolipiwa, tia kalamu mfukoni.

TUPIGE HESABU

Kulinganisha bima kwa bei pekee ni kama kununua viatu kwa rangi. Hebu tuchukue mfano wa familia ya kubuni: mwalimu, mkewe na watoto watatu. Ajenti wawili wamewaletea bima mbili za kulazwa tu.

Bima ya kwanza ni Sh48,000 kwa mwaka. Kiwango chake ni Sh500,000 kwa familia nzima, na ndani yake maradhi ya kudumu yametengewa Sh200,000. Mgonjwa hachangi chochote.

Bima ya pili ni Sh39,000. Kiwango chake ni Sh1,000,000, lakini maradhi ya kudumu yametengewa Sh100,000 pekee, na mgonjwa hulipa asilimia 10 ya kila bili.

Kwa macho, ya pili ni bora: ni rahisi zaidi na kiwango chake ni mara mbili. Tuone sasa mambo yakitokea.

Mwaka ukipita bila mtu kulazwa, bima ya kwanza imewagharimu Sh48,000 na ya pili Sh39,000. Ya pili imeshinda kwa Sh9,000.

Mwalimu ana kisukari. Akilazwa na bili baada ya SHA iwe Sh180,000, bima ya kwanza italipa yote, na gharama ya familia kwa mwaka ni zile Sh48,000 tu. Bima ya pili haitapita Sh100,000. Familia itatafuta Sh80,000, na ukijumlisha ada ya bima, mwaka huo utawagharimu Sh119,000.

Mke akivunjika mguu na bili iwe Sh400,000, bima ya kwanza italipa yote, ingawa itabaki na Sh100,000 tu kwa watu wote watano hadi mwaka uishe. Bima ya pili italipa Sh360,000, na familia itatoa Sh40,000, jumla Sh79,000 pamoja na ada.

Lakini ikitokea ajali mbaya yenye bili ya Sh900,000, mambo hugeuka. Bima ya kwanza itakomea Sh500,000 na kuiachia familia deni la Sh400,000. Ya pili italipa Sh810,000 na familia itatafuta Sh90,000.

Ni ipi bora basi? Kwa mwalimu huyu mwenye kisukari, kulazwa kwa ugonjwa wake ni jambo la kutarajiwa kuliko ajali kubwa, na bima ya kwanza yamfaa zaidi. Kwa vijana wawili waliooana juzi wasio na ugonjwa wowote, kinachotisha ni ajali, na ya pili huenda ikawa ya busara. Kaa chini na mwenzako, mwandike kila mtu wa nyumbani, umri wake na ugonjwa wake, kisha mpige hesabu kama hii kwa kila karatasi mliyoletewa. Ni kazi ya jioni moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Sheria ya kodi humpa anayelipia bima ya afya nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Kwa bima ya Sh48,000, nafuu hiyo ni Sh7,200. Makato ya SHA nayo, tangu mwisho wa Desemba 2024, huondolewa kwanza kwenye mshahara kabla ya kodi kukadiriwa. Peleka cheti chako cha bima kwa afisa wa mishahara uulize kama umehesabiwa.

BIMA YA KAZINI NI YA KUAZIMA

Wengi husema, "Mimi sina haja, nimelipiwa na kampuni." Ni kweli bima ya kazini ina faida kubwa. Kwa kuwa wafanyakazi hununuliwa pamoja, mara nyingi wenye maradhi ya tangu awali hupokelewa bila kungoja, na viwango huwa vya juu. Hata hivyo, bima hiyo si yako. Ni ya mwajiri. Siku utakapoachishwa kazi au kustaafu, kadi hiyo huwa kipande cha plastiki.

Hatari iko hapa: mtu huajiriwa akiwa na miaka 28, akafanya kazi hadi 60 bila bima yake mwenyewe, akapata shinikizo la damu njiani, kisha akatoka. Makampuni mengi hayampokei mteja mpya aliyepita miaka 60 au 65 isipokuwa kwa bima maalum ya wazee, ambayo bei yake ni ya juu. Anayeweza na aanze bima ndogo ya kulazwa mapema, angali na afya na mshahara. Asiyeweza, basi asiache SHA yake ikatike hata mwezi mmoja baada ya kutoka kazini, kwani mwajiri akishaacha kukata, jukumu la kulipa ni lake mwenyewe.

Wewe ambaye bado uko kazini, hakikisha pia kwamba yanayokatwa yanafika. Mwajiri hutakiwa kuwasilisha makato hayo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karatasi ya mshahara inaweza kuonyesha umekatwa ilhali hospitalini huonekani umelipa. Bonyeza *147# kwenye simu yako uone hali yako, na uangalie pia kama majina ya mke, mume na watoto yameandikwa sawasawa. Mtoto aliyezaliwa juzi hajiingizi mwenyewe.

WANAFUNZI NA WAZAZI

Nyinyi mlio vyuoni msifikiri haya ni mambo ya wazee. Vyuo vingi vina zahanati ya kutibu homa na tumbo, lakini mguu ukivunjika uwanjani, mwanafunzi hupelekwa hospitali ya nje. Kwa bima nyingi za kibinafsi mtoto huhesabiwa kwa mzazi hadi miaka 18, na akiwa chuoni huongezewa hadi miaka 24 au 25 iwapo barua ya chuo itapelekwa kila mwaka. Ni barua hiyo ndiyo husahaulika. Mwulize mzazi wako leo kama jina lako bado limo. Na mwenye kitambulisho ajiandikishe SHA mwenyewe, maana hata huduma ya zahanati huanza kwa kujiandikisha.

Kwa wazazi walioko mashambani, bima yako ya kazini aghalabu haiwahesabu. Baba na mama ni nyumba nyingine, na ada yao hulipwa kando. Ndugu wanne wakichanga Sh900 kila mmoja, wametimiza kile kiwango cha chini cha Sh3,600 kwa mwaka. Kiasi hicho hakifikii nauli ya watu wanaosafiri kwenda kwenye mkutano wa kuchangia bili.

Nacho chama cha kusaidiana ni kitu kizuri, lakini kisichukuliwe kuwa ni bima. Chama hulipa kile kilichomo sandukuni. Wanachama wawili wakilazwa mwezi mmoja, sanduku limekwisha.

MCHUNGUZE ANAYEKUUZIA

Makampuni ya bima pia huanguka. Mnamo 2022 kampuni ya Resolution, iliyojulikana sana kwa bima ya matibabu, iliwekwa chini ya msimamizi na mamlaka ya kudhibiti bima, IRA. Wateja waliokuwa wamelipa walibaki na kadi zisizofungua mlango wowote. Ipo hazina ya kuwafidia wenye bima pale kampuni inapoanguka, lakini fidia yake ina kikomo na haitolewi usiku ule mgonjwa anapoihitaji.

Kwa sababu hiyo, uliza IRA kama kampuni na ajenti wana leseni ya mwaka huu. Lipa kwa akaunti ya kampuni, kamwe usilipe kwa simu ya ajenti. Dai risiti na karatasi kamili ya mkataba, si ile ya picha. Na ukinyimwa haki yako, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha kwa IRA, ukiambatisha nakala za kila kitu.

Jambo la mwisho ni lako wewe mteja. Usifiche ugonjwa unapojaza fomu. Ajenti mwingine atakuambia, "Hiyo pressure usiiandike, utaongezewa bei." Yeye atapata kamisheni yake na kwenda. Kampuni itakapoomba faili yako hospitalini na kukuta umekuwa ukimeza dawa kwa miaka mitano, ina haki ya kukataa dai lako lote, na ada ulizolipa zitakuwa zimekwenda na maji. Afadhali bei kubwa inayolipa kuliko bei ndogo isiyolipa.

Toeni kadi zenu zote mezani, ya SHA, ya kazini na ya kampuni kama ipo. Kwa kila moja andikeni majibu ya maswali haya: Inalipia nani? Inalipa kiasi gani kwa ugonjwa tulio nao humu ndani? Hospitali gani iliyo karibu inaipokea? Sisi tutaongeza shilingi ngapi? Inaisha lini? Swali litakalokosa jibu, mwenye simu apige kesho asubuhi. Majibu yakipatikana, yabandikeni ukutani jikoni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuyasoma siku ambayo watu wazima watakuwa wamechanganyikiwa.